Nimeumwa na nini? Alama peke yake haitoshi

"Daktari, kuna kitu kimeniuma usiku, lakini sikukiona." Kauli hii naisikia karibu kila wiki katika chumba changu cha matibabu hapa Nairobi. Mgonjwa hukunja mkono wa shati, akaonyesha uvimbe au lengelenge, kisha akangoja nimtajie jina la mdudu, kama vile fundi wa gari anavyotaja kifaa kilichoharibika baada ya kusikiliza mngurumo wa injini.

Lakini ngozi, msomaji, haina maneno mengi. Ikichokozwa huvimba, huwasha, huwa nyekundu au hutoa malengelenge, na basi. Mbu, kiroboto, kunguni na utitiri wa kuku wote wanaweza kuacha uvimbe ule ule. Isitoshe, picha nyingi katika vitabu vya tiba zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Katika ngozi zetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Huonekana weusi zaidi, au rangi ya zambarau, na wakati mwingine ni joto na uvimbe tu unaohisiwa kwa kidole.

Hivyo basi daktari hawezi kutegemea alama peke yake. Atauliza ilianza saa ngapi, iko sehemu gani ya mwili, alama ni ngapi na zimejipanga vipi, nani mwingine nyumbani anajikuna, na ulikuwa wapi majuma mawili yaliyopita. Majibu ya maswali hayo unayo wewe, si yeye. Ukijiuliza mapema, waweza kupata jibu kabla ya kulipa nauli ya kwenda hospitali, au ukatambua kwamba hufai kungoja hata dakika moja.

Neno lenyewe nalo hutupotosha. Kwa Kiswahili twasema "nimeumwa", na tukishasema hivyo tumekwisha kuamua kwamba yupo mwenye meno au mwiba. Mara nyingi hayupo.

Asiyeuma wala kudunga

Mfano mzuri ni yule mdudu aliyepewa jina la jiji letu, nzi wa Nairobi. Kwanza, yeye si nzi. Ni wa jamii ya mbawakawa, mwembamba, mwenye urefu wa milimita 7 hadi 10. Kichwa chake ni cheusi, kifua na tumbo ni vya rangi nyekundu inayoelekea ya machungwa, na ncha ya mkia ni nyeusi. Mabawa ameyakunja chini ya magamba mafupi ya rangi ya buluu iliyoiva, hivyo wengi humdhania kuwa chungu aliyepambwa. Huishi katika udongo wenye unyevu, na huongezeka sana mvua inapozidi. Wakati wa mvua za El Nino za 1997 na 1998 watu wengi waliunguzwa naye, na mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 alirudi tena mitaani kwa wingi.

Mdudu huyu haumi wala hadungi. Sumu yake, iitwayo pederini, imo katika maji ya mwili wake. Jioni huvutwa na taa, hasa zile ndefu nyeupe za mirija, akatua shingoni mwako unapotazama runinga. Wewe unahisi kitu kinatambaa, unapiga kofi, unampondaponda na kujipaka sumu kwa mkono wako mwenyewe. Huhisi chochote wakati huo. Ni kesho yake, baada ya saa 24 hivi, ngozi inapoanza kuwaka kama iliyomwagiwa maji moto, kisha hutokea malengelenge madogo na usaha. Ndiyo sababu mgonjwa huapa kwamba hakuona mdudu yeyote. Anautafuta usiku wa leo, ilhali kisa kilikuwa cha jana jioni.

Utamtambua kwa umbo la jeraha. Aghalabu ni mstari, kama kwamba mtu alikuchora kwa brashi, kwa sababu mkono ulimburuta mdudu ulipompiga. Tena, pale ambapo ngozi hukunjika na kukutana, kama vile ndani ya kiwiko au nyuma ya goti, huwa na alama pacha, moja ikiitazama nyingine. Dalili hii ya alama pacha ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Jeraha huwa katika sehemu zilizo wazi: uso, shingo, mikono.

Ukimwona juu yako, mpulize au umwachie karatasi apande, kisha umwondoe. Ukiwa umekwisha kumponda, nawa mara moja kwa sabuni na maji mengi, na ufue nguo au shuka iliyomgusa. Malengelenge yakishatokea, kitambaa safi kilicholowekwa katika maji baridi hutuliza, na daktari anaweza kukupa krimu ya jamii ya haidrokotisoni. Antibiotiki hazina kazi hapo ila vidonda vikiingia vijidudu. Majeraha hupona kwa wiki mbili au tatu na kuacha doa jeusi ambalo hufifia polepole. Jihadhari na macho: anayejikuna shingo kisha akajipangusa jicho huamka kope zimefura hata haoni. Huyo na amwone daktari.

Sasa kuna ugonjwa mmoja ambao watu huutwika mdudu huyu bure, nao ni mkanda wa jeshi. Huu hutokana na virusi vile vile vya tetekuwanga, ambavyo hujificha katika mishipa ya fahamu kwa miaka mingi halafu vikaamka. Malengelenge yake huenda kwa mkanda upande mmoja tu wa mwili, mbavuni au usoni, wala hayavuki katikati. Maumivu makali kama ya kuchomwa hutangulia siku mbili tatu kabla ya lengelenge la kwanza. Mdudu haumizi kabla ya kufika! Tofauti hii ina uzito mkubwa, kwa kuwa dawa za mkanda wa jeshi hufanya kazi vyema zikianzwa katika saa 72 za kwanza, na kwa kijana ugonjwa huu ni sababu ya kutosha ya kupima virusi vya UKIMWI. Anayekaa nyumbani wiki nzima akijipaka dawa ya meno, akidhani ni nzi wa Nairobi, hupoteza nafasi zote mbili.

Wanaokuja ukilala

Ukiamka na uvimbe unaowasha ambao haukuwepo jioni, wa kwanza kushukiwa ni mbu na kunguni. Mbu huuma hapa na pale bila mpango, na uvimbe wake hupungua upesi. Kunguni hupenda kujipanga: alama tatu au nne kwa mstari au kwa kikundi, kwenye mikono, mabega, shingo au popote shuka ilipofunuka. Lakini usiutegemee sana mstari huo. Chukua tochi, geuza godoro, uchunguze mishono yake na nyufa za kitanda. Kunguni mzima ni kama mbegu ya tufaha kwa ukubwa, bapa na wa rangi ya kahawia, na huacha madoa meusi kama nukta za wino. Hayo madoa ni ushahidi bora kuliko ngozi yako.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba si kila mtu huonyesha alama za kunguni. Mume aweza kujikuna usiku kucha na mke asiwe na hata chunusi, ilhali wote wameumwa sawa. Kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa, alama zaweza kuchelewa siku kadhaa, hivyo huenda anailaumu nyumba yake kwa kosa la chumba cha wageni alikolala wikendi. Habari njema ni kwamba kunguni hajulikani kumwambukiza binadamu ugonjwa wowote. Hasara yake ni usingizi, aibu, na moto, maana wapo wanaomwaga mafuta ya taa kitandani. Maji yanayochemka na pasi ya moto kwenye mishono huua bila hatari hiyo, ingawa kazi yenyewe hurudiwa mara nyingi.

Alama zikiwa kwenye vifundo vya miguu na miundi tu, fikiria viroboto, na umtazame paka au mbwa wa nyumbani. Ukifuga kuku uani, au ndege wakiwa wamejenga kiota darini, fikiria utitiri.

Upele nao husemwa kuwa "kuumwa" miezi mizima kabla haujatambuliwa. Mdudu wake haonekani kwa macho na huchimba ndani ya ngozi. Mwasho huzidi usiku na uko kati ya vidole, kwenye viwiko vya mkono, kiunoni, na kwa wanaume sehemu za siri. Mara ya kwanza huchukua wiki nne hadi sita kabla mwasho haujaanza, na muda wote huo mtu anawaambukiza wenzake. Swali la nani mwingine anajikuna ndilo hutoa jibu hapa. Na matibabu ni ya nyumba nzima siku moja, hata wasiojikuna, la sivyo ni kuzungusha mdudu kutoka kwa mtoto hadi kwa yaya na kurudi.

Kigaga cheusi

Kuna alama moja ambayo yenyewe husema mengi, na ambayo mara nyingi haitazamwi. Chukua mtu mwenye homa, maumivu ya kichwa na ya viungo. Anakimbilia duka la dawa, anauziwa tembe za malaria bila kupimwa, homa haishuki, anabadilishiwa tembe. Nimempokea mgonjwa wa namna hiyo akiwa amekwisha kumeza dozi mbili. Vipimo vya malaria havikuonyesha kitu. Nilipomwomba avue suruali nilikuta nyuma ya goti kidonda kidogo kisichouma, chenye kigaga cheusi kama kilichochomwa na sigara, na tezi za kinena zimevimba. Siku nane kabla ya hapo alikuwa amewatembelea wazee wake shambani na kutembea kwenye nyasi za malisho.

Huo ni ugonjwa wa kupe. Wadudu wachanga wa kupe ni wadogo mno, huuma bila maumivu, hushiba na kuanguka. Homa hufuata baada ya siku 5 hadi 10. Dawa yake, doksisaiklini, ni ya bei nafuu na mgonjwa huanza kupata nafuu kwa siku mbili hivi, lakini hakuna tembe ya malaria itakayomsaidia. Kwa hiyo ukiwa na homa baada ya kutoka mbugani, shambani au kupiga kambi, jichunguze kinena, kwapa, nyuma ya magoti na kwenye nywele, tena umwonyeshe daktari hata asipouliza. Malaria nayo isipuuzwe. Mkazi wa Nairobi aliyetoka Pwani au Magharibi na kupata homa sharti apimwe, awe ana alama za mbu au hana.

Ukimkuta kupe bado ameng'ang'ania, mshike karibu kabisa na ngozi kwa koleo ndogo, kama ile ya kung'olea nyusi, umvute taratibu moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti wala usimpake mafuta.

Buibui nitamtetea kwa ufupi, kwani hulaumiwa kupita kiasi. Kidonda chenye usaha na kinachouma zaidi kila siku, kwa kawaida ni jipu lililotokana na bakteria, na huhitaji kupasuliwa au antibiotiki badala ya hadithi ya buibui. Nalo jipu lenye kitundu katikati na kitu kinachosogea ndani, hasa kwa mtu aliyevaa nguo zilizoanikwa nje bila kupigwa pasi, huenda ni funza wa yule nzi wa maembe. Mafuta mazito ya kujipaka yakiziba kitundu hicho, funza hukosa hewa na kutoa kichwa.

Usingoje jina

Mpaka hapa nimezungumzia mambo yanayovumilia kuchunguzwa. Yapo mawili ambayo mgonjwa hukimbizwa hospitali kwanza, na jina la mnyama likatafutwa baadaye.

La kwanza ni mzio mkali, au aleji kama wengi wasemavyo. Nyuki huacha mwiba wake ngozini na nyigu hauachi. Ukiuona mwiba, utoe upesi kwa kucha au chochote. Kasi ni muhimu kuliko namna ya kuutoa. Mkono ukivimba hadi kiwiko kesho yake, na unawasha kuliko kuuma, si lazima uwe umeoza. Mwili unalalamika tu. Lakini ikiwa dakika chache baada ya kudungwa mtu anatokwa na vipele mwili mzima, midomo au ulimi unavimba, sauti inakwaruza, anapumua kwa mluzi, anatapika au anazirai, huyo anaweza kufa kabla ya saa moja. Dawa yake ni sindano ya adrenalini pajani. Tembe za kuondoa mwasho haziwezi kushika nafasi yake. Mlaze chali na umwinue miguu, isipokuwa akishindwa kupumua, hapo aketi. Usimsimamishe wala kumtembeza hadi kituo cha matatu. Aliyedungwa na nyuki wengi kwa pamoja apelekwe hata kama hana mzio, kwa sababu sumu ikizidi huharibu figo.

La pili ni nyoka asiyeonekana. Wasomaji wa mjini hudhani nyoka ni habari ya mbali, lakini watoto wetu hupelekwa kwa nyanya zao kila likizo, wakalala kwenye mkeka sakafuni. Swila wa kutema mate huingia nyumbani usiku akiwinda panya, na hujulikana kwa kuwauma watu waliolala. Pwani yetu inaye mkubwa kuliko wote wa jamii hiyo. Wataalamu walimtambua rasmi kuwa aina ya pekee mwaka 2007, wakampa jina la James Ashe aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Watamu.

Mtoto huamka akilia, anashika mguu, na taa inapowashwa hakuna kitu. Huenda ni nge, huenda ni tandu, huenda ni nyoka. Usitafute matundu mawili ya meno. Nyoka aweza kuacha tundu moja, mkwaruzo, au alama isiyoonekana kabisa. Badala yake fuatilia kinachoendelea. Uvimbe unaopanda juu kila baada ya nusu saa, pamoja na maumivu makali, huelekeza kwa kifutu au swila wa kutema mate. Kope zinazoanguka kana kwamba mtoto ana usingizi, kuona vitu viwili viwili, mate yanayodondoka kwa kushindwa kumeza, na maneno kuwa mazito, huelekeza kwa koboko na jamii yake, na hapo kinachofuata ni kushindwa kupumua. Damu kutoka kwenye fizi au kidonda kisichoacha kuvuja huelekeza kwa sumu inayozuia damu kuganda.

Hospitali ina kipimo rahisi mno cha hiyo ya mwisho. Mililita 2 za damu hutiwa katika kijichupa kikavu na safi cha kioo, kikaachwa dakika 20 bila kutikiswa, kisha kikainamishwa. Damu ikimwagika kama maji, haigandi, na sumu imo mwilini. Nakueleza hili ili ujue kwamba daktari anaweza kuanza matibabu bila kumwona nyoka. Dawa ya kupambana na sumu hutolewa kwa kufuata dalili, na nyingine hufaa kwa aina kadhaa za nyoka kwa pamoja. Mtoto asiye na dalili yoyote bado huangaliwa hospitalini kwa saa 24.

Kwa hiyo mvue pete, bangili na viatu, mfunge mguu kwa ubao asiusogeze, mbebe, na mpige simu mbele kuuliza kama hospitali hiyo ina dawa ya sumu ya nyoka, kwani si zote zinazo. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba, na jiwe jeusi la nyoka liache lilipo. Ukiwa na kalamu ya wino, chora mstari pale uvimbe ulipoishia na uandike saa pembeni yake. Mstari huo humsaidia daktari kuliko maelezo mengi. Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017, mwaka ule ule upele nao ulipoingizwa. Watu wa mashambani walikuwa wakijua hivyo tangu zamani. Neti iliyochomekwa vizuri chini ya godoro, mtoto akilala juu ya kitanda, humzuia mbu na pia hao wengine.

Ukimkamata mdudu uliyemshuku, hata akiwa amepondeka, mtie katika kisanduku cha kiberiti au umbandike kwenye utepe wa gundi angavu uje naye. Mimi hufurahi sana nikiletewa. Nyoka usimlete, awe hai au amekufa. Mpige picha kwa mbali ikiwezekana, kwa maana kichwa chake chaweza kuuma hata baada ya kukatwa.